Ngazi za jukwaani zisizoyumba: jibu kwa mwalimu wa kikundi cha maigizo

*Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro na ninasimamia kikundi cha maigizo cha wanafunzi. Igizo letu la mwaka huu linatokea katika nyumba ya ghorofa, kwa hiyo tumejenga roshani yenye kimo cha sentimita 144 kutoka sakafu ya jukwaa. Katika onesho moja wanafunzi sita wanashuka ngazi pamoja wakicheza ngoma, na wawili kati yao wamevaa madera marefu. Ngazi tulizotengeneza mwaka jana kwa mirunda na misumari hazikuvunjika, lakini ziliyumba mpaka waigizaji wakaziogopa. Safari hii tuna fundi seremala wa shule, mbao za paini na plaiwudi. Je, tuweke vidato vingapi, tuunge vipi, na je, kishikio ni lazima wakati mwongozaji anasema kitawaziba waigizaji? Igizo litahamia kwenye kumbi nyingine mbili.*

Mwalimu, nakushukuru kwa kutoa vipimo, kwa sababu kimo cha roshani, idadi ya waigizaji na aina ya maleba ndivyo vinavyoamua karibu kila kitu katika kazi hii. Nitaanza na kuyumba, kwa kuwa hilo ndilo tatizo lenu halisi. Ngazi nyingi za jukwaani zina mbao za kutosha kubeba uzito unaoshuka wima. Kinachozishinda ni nguvu inayotoka ubavuni, mchezaji anapogeuka, anaporuka au anapojisukuma kwa mguu mmoja. Mirunda ni mizuri kwa kushikilia zege likauke, lakini ni ya mviringo, kwa hiyo miti miwili inagusana kwenye sehemu ndogo tu, na msumari uliopigwa hapo unageuka kuwa kama ekseli ambayo mti unaizunguka. Mkipiga misumari zaidi hamtaondoa kasoro hiyo. Tumieni mbao zilizopasuliwa zenye pande bapa, wekeni mbao za mshazari, na jengeni kwa namna ambayo uzito wa mwigizaji unafika sakafuni kupitia mbao iliyokalia mbao, wala hauning'inii kwenye skrubu au msumari.

Kabla ya kukata chochote, amueni vidato. Mwaka 1675 msanifu majengo Mfaransa François Blondel aliandika kanuni ambayo mafundi bado wanaitumia: kimo cha kidato mara mbili, ukijumlisha na kina cha kikanyagio, kiwe sawa na hatua moja ya mtu anayetembea. Kwa vipimo vya leo jumla hiyo huwekwa kati ya sentimita 60 na 65. Roshani yenu ya sentimita 144 inagawanyika sawasawa kwa 9, kwa hiyo kila kidato kitakuwa na kimo cha sentimita 16. Mkiweka kina cha sentimita 29, hesabu inakuwa 16 mara mbili, jumlisha 29, yaani 61, na ngazi zinalala vizuri bila kuchukua jukwaa lote. Kumbukeni kwamba mtakuwa na miinuko 9 lakini vikanyagio 8 tu, kwa sababu mwinuko wa tisa unaishia kwenye sakafu ya roshani yenyewe. Urefu wa ngazi kwenye sakafu ni 8 mara 29, yaani sentimita 232, na nafasi hiyo inapaswa kuonyeshwa kwa chaki kwenye chumba cha mazoezi tangu sasa, ili wanafunzi wasizoee kupita mahali ambapo ngazi zitakuwa.

Mngeweza kubana nafasi kwa kutumia miinuko 8 ya sentimita 18 na vikanyagio vya sentimita 27. Hesabu ya Blondel inakubali, kwa kuwa jumla ni 63, na ngazi zingefupika hadi sentimita 189. Mimi singeshauri hivyo kwenu. Mchezaji anayeshuka kwa mdundo anatua kwa unyayo wa mbele, na mwenye dera hawezi kuona mguu wake, kwa hiyo kila sentimita ya kina mnayomwongezea inapunguza uwezekano wa kisigino chake kugonga kidato kilicho nyuma yake. Kanuni za ujenzi za kimataifa zinazotumika sana Marekani zinaweka kina cha chini kabisa cha takriban sentimita 28 na kimo cha juu kabisa cha takriban sentimita 18 kwa ngazi za majengo ya umma, ambako watu wanatembea tu na taa zinawaka. Jukwaani mnatakiwa kuwa wapole kuliko hapo.

Usawa wa vidato una uzito kuliko kimo chenyewe. Mguu wa binadamu unajifunza kimo cha ngazi katika hatua chache za kwanza, na baada ya hapo haupimi tena. Kidato kimoja kikipishana na vingine, mtu anajikwaa bila kujua kwa nini. Kanuni hizo nilizozitaja haziruhusu tofauti inayozidi milimita 9.5 kati ya kidato kirefu na kifupi katika ngazi moja, na kwa ngazi ambazo watu watazichezea gizani nawashauri msivuke milimita 5. Kosa hujitokeza zaidi kwenye kidato cha kwanza na cha mwisho. Fundi hupima fremu zake kwa sentimita 16 kila moja, kisha anaweka juu yake plaiwudi ya milimita 18, na matokeo yake ni kwamba kidato cha kwanza kinakuwa sentimita 17.8 na mwinuko wa mwisho kuelekea roshani unakuwa 14.2. Vipimo vyote vichukuliwe kutoka uso uliokamilika hadi uso uliokamilika. Maana yake ni kwamba sehemu ya juu ya fremu, pale plaiwudi itakapokaa, iwe sentimita 14.2 kwa kidato cha kwanza, 30.2 kwa cha pili, 46.2 kwa cha tatu, na kuendelea kwa kuongeza 16 mpaka 126.2 kwa cha nane. Iwapo mtatandika zulia kwenye ngazi, tandikeni zulia la unene uleule kwenye roshani, la sivyo mtakuwa mmerudisha kosa lilelile kwa mlango mwingine. Pimeni pia sakafu za kumbi mtakazohamia, kwa sababu baadhi ya majukwaa yana mwinamo kuelekea kwa watazamaji, na mwinamo huo utalazimu kabari ndefu chini ya upande mmoja.

Sasa nije kwenye muundo. Fundi wenu huenda akapendekeza njia inayotumika majumbani, ambayo ni kuchukua mbao mbili pana, kuzikata meno kama ya msumeno, na kuweka vikanyagio juu ya meno hayo. Njia hiyo ni nzuri mbao ikiwa pana vya kutosha, lakini kwa vipimo vyenu kila jino linakula sentimita 14 za upana wa mbao, zikipimwa kwa pembe mraba na mbao yenyewe. Mbao ya inchi 8 ikikatwa hivyo inabaki na sentimita 5 au 6 za nyama, ambazo hazifai kabisa. Mbao ya inchi 10 inabaki na takriban 10, na hapo ndipo kiwango cha chini kinapoanzia. Mbao ya inchi 12 ndiyo inayostahili, na kuipata katika paini ikiwa kavu, nyoofu na haina vifundo vikubwa ni kazi ngumu na ya gharama. Isitoshe, jino la mbao linaweza kupasuka kufuata nyuzi zake, na mbao hiyo ndefu haikunjiki wala haipunguki wakati wa safari.

Kwa sababu hizo nawashauri mjenge fremu tatu bapa zinazosimama wima, moja kila ubavu na moja katikati, zote zikiwa na umbo la ngazi likitazamwa kutoka pembeni. Upana wa ngazi uwe sentimita 120, unaotosha watu wawili kupishana, na fremu zikae kwa umbali wa takriban sentimita 60 kutoka katikati hadi katikati. Kila fremu ina mbao ya chini ya 2x4 (inchi 2 kwa 4) inayolala sakafuni kwa urefu wote wa sentimita 232. Juu yake zinasimama nguzo, nazo zinabeba vipande vya mlalo ambavyo vikanyagio vitavikalia. Kila kipande cha mlalo kiwe na nguzo mbili chini yake: moja mbele, chini ya ukingo ambao mguu unatua, na nyingine nyuma. Nguzo ya nyuma ni fupi na inabanwa kwa gundi na skrubu ubavuni mwa nguzo ndefu ya kidato kinachofuata. Mafundi wengi wanaacha hiyo nguzo fupi na kupigilia kipande cha mlalo moja kwa moja kwenye ubavu wa nguzo ndefu, na ngazi zinasimama vizuri siku ya kwanza. Lakini hapo uzito wote wa nyuma ya kidato unabebwa na skrubu mbili, na baada ya mazoezi kadhaa matundu yake yanapanuka. Nguzo fupi inagharimu kipande cha mbao ambacho mara nyingi ni masalia ya ukataji.

Msikate nguzo kwa kukokotoa moja moja. Chora fremu nzima kwa ukubwa wake halisi kwenye sakafu ya zege, kwa chaki na uzi, ukianza na mstari wa sakafu, kisha nyuso za vidato kila sentimita 16, kisha unene wa plaiwudi, kisha unene wa kipande cha mlalo na wa mbao ya chini. Kinachobaki katikati ndicho urefu wa nguzo. Tumieni unene wa mbao iliyopo mkononi, kwa kuwa mbao inayoitwa 2x4 dukani inaweza kupungua milimita kadhaa kulingana na msumeno ulioipasua na kama imepigwa randa. Fremu zote tatu ziungwe juu ya mchoro huohuo mmoja, na zikimalizika zilazwe moja juu ya nyingine ili kuona kama zinalingana.

Fremu ikiwa imelala, piga mbao ya mshazari kutoka chini ya mbele kwenda juu ya nyuma, ikiungana na kila nguzo inayokutana nayo, na kwenye maungio makuu weka sahani za pembetatu za plaiwudi ya milimita 9 zenye gundi. Mshazari huu unazuia fremu isiyumbe mbele na nyuma. Kuyumba kwa ubavu, ambako ndiko kulikowaogopesha wanafunzi wenu, kunazuiwa na kitu kingine: upande wa nyuma wa ngazi, pale nguzo zinapofika zaidi ya mita moja, fungeni karatasi ya plaiwudi ya milimita 9 kutoka fremu ya ubavu mmoja hadi ya ubavu wa pili, au mbao mbili za mshazari zinazopishana. Fanyeni hivyohivyo katikati ya ngazi, kwenye nguzo za kidato cha tano. Pembetatu haibadiliki umbo bila mbao kuvunjika, ilhali mraba unalala upande kwa kusukumwa kidogo tu, na hakuna unene wa nguzo unaoweza kuchukua nafasi ya mshazari.

Vikanyagio vitoke kwenye plaiwudi ya milimita 18, na hapa pana mtego ambao ningependa fundi wenu auone kabla ya kuwasha msumeno. Karatasi ya plaiwudi ina sentimita 244 kwa 122. Kwa kuwa kila kikanyagio ni sentimita 29 kwa 120, ni rahisi kukata vipande vinane kwa kukatiza upana wa karatasi, na hesabu inatosha. Lakini nyuzi za tabaka la juu la plaiwudi kwa kawaida zinakwenda kwa urefu wa karatasi, kwa hiyo vipande vilivyokatwa hivyo vitakuwa na nyuzi zinazokwenda mbele na nyuma badala ya kwenda kutoka fremu hadi fremu, na vitapinda zaidi chini ya mguu. Pasueni karatasi kwa urefu wake kwanza, mpate vipande vinne vya upana wa sentimita 29, kisha kila kipande mkikate katikati. Mtapata vilevile vikanyagio vinane kutoka karatasi moja, vyenye nguvu katika mwelekeo unaotakiwa.

Chini ya ukingo wa mbele wa kila kikanyagio gundisheni na kupiga skrubu ubao wa wima wa plaiwudi ya milimita 12, wenye urefu wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 14.2, yaani 16 ukitoa unene wa kikanyagio, ili viwili hivyo viwe kitu kimoja. Ubao huo unaushika ukingo ambao mguu wa anayeshuka unatua kwa nguvu zote, na pia unaziba uwazi ambao ncha ya kiatu au pindo la dera lingeingia. Kikanyagio kisijitokeze mbele ya ubao wa wima. Majumbani watu hupenda ukingo uliotokeza kidogo, lakini mwenye vazi refu akipanda, ukingo huo unamnasa. Upande wa kikanyagio upigwe msasa mpaka uwe na mviringo mdogo sana, wa milimita 3 hivi, usiokata mguu wala usioteleza.

Kuhusu viungio, wekeni misumari kando isipokuwa kwa kushikilia vipande wakati gundi inakauka. Tumieni gundi nyeupe ya mbao na skrubu za mbao, zenye urefu ambao angalau nusu yake inaingia kwenye mbao ya pili, na toboeni tundu dogo kwanza ili paini isipasuke. Skrubu nyeusi za jipsamu zinapatikana kila duka na ni za bei nafuu, lakini zimetengenezwa kwa chuma kigumu kinachokatika ghafla kikisukumwa kwa ubavu, na kwenye ngazi kusukumwa kwa ubavu ni jambo la kila dakika. Nawasihi sana msizitumie popote panapobeba mtu. Skrubu inayoingia kwenye kichwa cha mbao, yaani sambamba na nyuzi, nayo ina ushiko mdogo. Ndiyo maana nimesisitiza sahani za plaiwudi kwenye maungio. Mbao ziwe kavu. Mbao mbichi ya paini itasinyaa ikiwa imeshaungwa, na ngazi zilizokuwa imara Machi zitakuwa zinalia Juni.

Kwa kuwa mnasafiri, sehemu tatu zisigundishwe kabisa: vikanyagio kwenye fremu, karatasi za mshazari kwenye fremu, na ngazi kwenye roshani. Hapo tumieni bolti. Kwenye vikanyagio toboeni matundu mawili juu ya kila fremu, muingize bolti za milimita 8 zenye kichwa kinachozama, na kwa upande wa chini wa kipande cha mlalo pigeni nati yenye meno inayojishika kwenye mbao yenyewe, ili kufunga na kufungua kufanyike kutoka juu bila mtu kulala chini ya ngazi. Mtahitaji bolti 48 za namna hiyo. Zikifunguliwa, ngazi zote zinakuwa fremu tatu bapa, vikanyagio vinane vyenye umbo moja na karatasi mbili, vitu ambavyo vinapita mlango wowote wa ukumbi na kulala kwenye gari dogo la mizigo. Andikeni kwa rangi juu ya kila fremu neno kushoto, kati au kulia.

Muungano na roshani ndio sehemu ambayo ningeikagua kwa ukali kuliko zote. Mtu anayekimbia kupanda anasukuma ngazi nyuma, mbali na roshani, na ufa wa sentimita 2 tu ukitokea hapo, mguu wa anayeshuka unaweza kuingia. Fungeni mbao ya 2x4 kwa mlalo kwenye miguu ya roshani, ngazi ziguse mbao hiyo kwa upana wao wote, kisha pitisheni bolti za milimita 10 zenye washa pande zote mbili, mbili kwa kila fremu, moja juu na moja chini. Na kama roshani yenyewe inayumba, ngazi imara zitayumba nayo, kwa hiyo miguu ya roshani nayo inahitaji mishazari yake.

Sasa kishikio. Naelewa hoja ya mwongozaji wenu, na hata kanuni za Marekani, ambazo zinadai uzio pale sakafu inapoinuka kupita takriban sentimita 76, zinasamehe upande wa jukwaa unaotazama watazamaji. Hata hivyo ngazi zenu zina pande mbili. Upande ulio mbali na watazamaji wekeni kishikio kamili, kimo chake kikiwa kati ya sentimita 86 na 96 kutoka ukingo wa vikanyagio, cha bomba la chuma la kipenyo cha takriban sentimita 4 ambalo mkono wa mwanafunzi unaweza kulizunguka. Nguzo zake zifungwe kwa bolti kwenye fremu ya ubavu, si juu ya plaiwudi, na kishikio kistahimili mtu mzima kukiegemea kwa nguvu. Kanuni hizo hizo zinakitaka kihimili takriban kilo 90 zinazosukuma kutoka upande wowote. Kishikio kinachocheza ni cha hatari kuliko kutokuwapo, kwa sababu mwigizaji anakiamini. Upande wa watazamaji pigeni ukingo wa mbao wa sentimita 5 unaopanda pamoja na vidato, ambao hauonekani sana kutoka ukumbini lakini unamwambia mguu kwamba umefika mwisho. Roshani yenyewe, kwa sentimita 144, iwe na uzio wa sentimita 107 kila upande ambao igizo halihitaji uwazi, na huo mwongozaji anaweza kuufanya sehemu ya mandhari, kwa kuwa roshani ya nyumba yoyote ina uzio.

Hujataja ngazi za nyuma, yaani zile ambazo watazamaji hawazioni na ambazo waigizaji wanazitumia kufika roshani kabla ya kushuka mbele. Katika maandalizi mengi hizo ndizo zinazotengenezwa mwisho, kwa mabaki, mara nyingine ikiwa ni ngazi ya kuegemeza tu. Ilhali ndizo zinazopandwa gizani, kwa haraka, na mtu aliyebeba kifaa mkononi. Zipeni kimo kilekile cha sentimita 16, vishikio pande zote mbili, na taa ndogo ya buluu inayoelekezwa kwenye vikanyagio. Kama bajeti inatosha ngazi moja nzuri tu, badilisheni igizo ili waigizaji wapande na kushuka kwa hiyo moja.

Rangi ya mafuta inayong'aa inateleza, hasa kwa miguu yenye jasho au soksi. Pakeni rangi ya maji isiyong'aa, na kwenye mkono wa kabla ya mwisho nyunyizieni mchanga laini uliochekechwa na kukaushwa, kisha mpake tena juu yake. Ukingo wa kila kidato upewe mstari wa sentimita 3 wenye rangi iliyofifia au kukolea kidogo kuliko kikanyagio. Taa za mbele za jukwaa zinafuta vivuli, na mtu anayeshuka akiwa amezielekea anaona ngazi kama mteremko mmoja, kwa hiyo mstari huo ndio unaomrudishia vidato vyake. Utepe unaong'aa gizani unasaidia pia, ila lazima umulikwe kabla ya taa kuzimwa, la sivyo hautang'aa. Ili kupunguza kelele za miguu, wekeni vipande vya zulia kuukuu kati ya kikanyagio na fremu na chini ya mbao za sakafuni, mkiwa mmeshahesabu unene wake katika vimo. Msijaze sponji ya magodoro chini ya ngazi, kwa sababu inashika moto upesi na moshi wake ni wa sumu.

Ngazi zisipandwe na mwanafunzi hata mmoja kabla ya kupimwa. Kanuni za majengo hutaka ngazi zihimili takriban kilo 490 kwa kila mita ya mraba, na kwa kikanyagio chenu hiyo ni karibu kilo 170. Mfuko wa saruji una kilo 50, kwa hiyo pangeni mifuko minne kwenye kidato kimoja, mkianza na cha nane, ambacho kina nguzo ndefu kuliko vyote, na muiache usiku kucha. Fungeni uzi ulionyooka chini ya kikanyagio kabla ya kupanga, na mpime umbali; plaiwudi kati ya fremu mbili isishuke zaidi ya milimita 2, na mifuko ikiondolewa irudi ilivyokuwa. Rudieni kwa vidato vyote. Baada ya hapo watu wazima watatu wapande pamoja, wasimame kwenye vidato tofauti na wayumbe kwa makusudi kushoto na kulia kwa mdundo mmoja, huku fundi akiangalia maungio kutoka nyuma. Uzito unaotembea kwa mdundo unafanya madhara makubwa kuliko uzito uliotulia, na wanafunzi wenu sita watakuwa wanacheza ngoma. Pale mtakapoona mbao mbili zikisogea, hata kwa unywele, ongezeni mshazari au bolti kabla ya kuendelea.

Mazoezi yafuate mpangilio huo wa tahadhari: kwanza kutembea taa zote zikiwaka, kisha kwa viatu na maleba halisi, kisha kwa mdundo wa ngoma, na mwisho kwa mwanga wa onesho. Madera yapunguzwe pindo la mbele mpaka yawe sentimita 4 au 5 juu ya kiatu. Nyuma yanaweza kubaki marefu, na mtazamaji hataona tofauti. Mtu mmoja, ikiwezekana msimamizi wa jukwaa, apewe jukumu la kupanda na kushuka ngazi zote mbili kabla ya kila onesho akiwa na spana mkononi, na awe na mamlaka ya kuzuia pazia lisifunguliwe iwapo bolti imelegea. Katika kumbi mtakazohamia, ukaguzi huo ufanyike upya tangu mwanzo, pamoja na pima maji juu ya kikanyagio cha kwanza na cha nane, kwa sababu sakafu mpya inaweza kuacha fremu moja ikining'inia. Kabari za kuziba pengo hilo ziwe za mbao ngumu, zipigwe skrubu kwenye mbao ya chini, na zisiwe vipande vya karatasi ngumu vinavyosagika baada ya dakika chache za ngoma.

Mirunda ya mwaka jana msiirudishe kwenye kazi hii, hata kama mihimili michache ya ziada. Ile iliyonyooka inaweza kubeba mapazia au kuta za mandhari ambazo hakuna mtu anayezipanda.